Wimbo wa Nane Chumbani Kwangu

Watu wa mtaani kwetu wakisimulia habari hii huanzia kwenye jeneza. Mimi naanzia kwenye godoro, kwa sababu godoro lilikuwa langu.

Godoro la sufi, futi tano kwa sita. Siku ya Ijumaa jioni nimetoka kukaanga samaki, mgongo unaniuma, nataka kujinyoosha tu, naingia chumbani naona kitanda ni mbao tupu. Godoro limesimamishwa dirishani na limepigiliwa misumari. Misumari, mwenzangu. Ukutani zimebandikwa trei za mayai, na mayai yenyewe mwaka ule hatukuwa tukiyaona. Nikamwita mwanangu Zahoro nimuulize ni shetani gani amempanda. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba pale si chumbani tena. Pale ni studio.

Sasa nyie mnaona kichekesho. Mimi nilitaka kumpiga na mwiko. Lakini nilikuwa najua kwa nini amefanya vile, na nilipokumbuka nikauweka mwiko, nikaenda kulala kwenye mkeka ukumbini.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Sabuni ukikutana nayo unaiamkia shikamoo. Ndiyo mwaka ule ilipokuja operesheni ya watu wasio na kazi: kila mtu mjini aonyeshe kazi yake, asiyekuwa nayo apande lori akalime. Mimi sina ugomvi na jembe. Babu zangu wamelima mihogo huko Kisarawe na wameishi miaka mingi. Ila Zahoro ni mmoja. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, ndugu hana, na mimi nyumba yangu hii ya Mtaa wa Kipata ina vyumba sita vya wapangaji ambao nikiumwa kichwa wananiuliza kama maji yametoka. Zahoro akipanda lori, mimi nabaki na nani?

Na kazi hana. Yaani anayo, lakini ni gitaa. Angalau lingekuwa gitaa la dansi, tungesema atachukuliwa na bendi ya shirika fulani apate mshahara na sare. La, yeye anapiga blusi. Ugonjwa huo aliambukizwa na baharia mmoja aliyekuwa amepanga kwangu, ambaye alipohama alimwachia santuri tatu za Wamarekani weusi. Nilizisikiliza. Mtu analalamika dakika sita kwamba mke wake kaondoka, gitaa linalia naye, ngoma zinapigwa kama nyumba inabomolewa, halafu wimbo unaisha na mke hajarudi. Nikamwambia Zahoro, huyu bwana angekuwa hapa Kariakoo wazee wangeshamwoza mwingine.

Wenzake kwenye bendi ni wawili, vijana wa kutoka Songea. Ignasi anapiga gitaa la besi na ndiye mwimbaji. Mchana ni mpagazi sokoni. Vitalis anapiga ngoma, na yeye ana zamu kiwandani. Hao wawili walikuwa na vitambulisho vyao, lori haliwahusu. Aliyebaki kwenye mataa ni wangu.

Jumatano ya wiki ile alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Melkiori, anayekaa nyumba inayotazamana na yangu. Si mtu mbaya. Ana tatizo moja tu, anapenda karatasi kuliko chakula. Alikuja na orodha yake ya wasio na kazi ameibana kwapani, akamkalisha Zahoro barazani, akamweleza kwamba seremala akiulizwa kazi yake anaonyesha kiti, fundi nguo anaonyesha suruali. Yeye ataonyesha nini? Zahoro akaleta gitaa, akampigia. Mzee Melkiori akasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, maana ana adabu, kisha akasema hiyo ni kelele, na kelele haiandikiki.

"Niletee kitu cha kushika mkononi," akamwambia. "Jumamosi saa kumi alasiri napeleka orodha. Jumatatu alfajiri lori."

Usiku ule sikulala. Asubuhi Zahoro akaniambia wameamua kutengeneza albamu: nyimbo nane, kanda moja, kitu cha kushika mkononi. Santuri itakuja baadaye Mungu akijalia, kwa sasa kanda itatosha kumfunga balozi mdomo. Kinachotakiwa ni chumba ambacho hakipitishi sauti. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kabla hata ya kumchelea. Nikampa chumba. Godoro alilichukua bila kuuliza.

Jumamosi saa mbili asubuhi akaja fundi mitambo, bwana mmoja mwembamba anaitwa Aristides, mstaafu. Mashine yake ya kurekodia alikuwa ameibeba kifuani imefungwa kitenge, nikadhani kaleta kichanga. Hasalimii watu, anasalimia nyaya. Alitandaza mambo yake, akatuonyesha kanda aliyonayo, kanda ya magurudumu mawili, ni moja tu na hakuna nyingine Dar es Salaam nzima. Tena ilikuwa mgonjwa, imeungwa sehemu tatu kwa gundi. Mashine ikiirudisha nyuma kwa kasi inakatika, na kuirudisha yote kwa kidole ni kazi ya kutwa nzima. Kwa hiyo kitakachoingia kimeingia, hakuna kufuta wala kurudia. Akainua kidole kutuonyesha: kidole kikiwa juu, kimya, kikishuka, pigeni.

Basi wakapiga. Wimbo wa kwanza, habari za foleni ya sukari, ukaenda vizuri. Wa pili ukaingiliwa na Hamis muuza kahawa aliyepita dirishani akigonganisha vikombe vyake, na godoro langu pamoja na misumari yote halikusaidia kitu. Vitalis akaona isiwe taabu, akafuata mwendo wa vikombe. Wimbo wa tano una sauti yangu. Nilikuwa uani namtukana paka aliyenyakua kibua kwenye beseni, na matusi yale ni ya kweli, sikujua kama yanahifadhiwa. Zahoro alitoka akanitazama tu. Nikamwambia paka hajui kidole kikiwa juu maana yake nini.

Saa tano na nusu zilikuwa zimekwisha nyimbo saba. Ukabaki wa nane, ambao ndio roho ya albamu, Zahoro alikuwa akinieleza hivyo toka Alhamisi. Unaitwa "Ameondoka". Ni mtu ameondokewa, hatuambiwi na nani, na nyumba imebaki inamtazama. Sasa hapo ndipo kazi ilipokuja, kwa sababu Ignasi hawezi kuhuzunika. Mungu hakumpa. Sura yake imekaa kicheko. Alfajiri alibeba magunia ya viazi sokoni na bado anacheka. Alijaribu wimbo mara mbili bila kurekodi, Aristides akavua vile vidude vya masikioni, akasema huyu anaimba msiba kama anatangaza harusi ya dada yake. Wakamkatia kitunguu. Machozi yakatoka, kicheko kikabaki palepale.

Aristides akasema wimbo huu unataka kilio cha mtu mzima, nyuma ya sauti. Vijana wote watatu wakageuka kunitazama mimi.

Niseme ukweli wangu, sijisifu. Mtaani kwetu mtu akifa, kabla hawajamwita mwosha maiti wananiita mimi. Si kwamba nalipwa, hapana. Ni kwamba nikianza, hata waliokuja kwa ajili ya pilau wanamkumbuka marehemu. Sheikh wa msikiti wetu amenikanya mara mbili kwamba kilio cha namna ile hakifai katika dini, na mimi mara mbili nimemwitikia, ewallah, halafu akafa mtu mwingine.

Lakini kulia bila maiti? Nilikataa. Huo ni uchuro. Unamwita mgeni asiye na njia ya kukataliwa. Nikawaambia wamtafute mwingine, nikaenda zangu jikoni kupara samaki. Zahoro akanifuata. Hakubembeleza. Alichuchumaa pale mlangoni akanitazama kama baba yake alivyokuwa ananitazama akitaka nikubali jambo.

"Mama, Jumatatu utalia tu," akasema. "Lia leo, labda Jumatatu usilie."

Kisu kilinidondoka. Mtoto usiku na mchana huioni akili yake, siku moja anakutolea neno linakukata maini. Nikanawa mikono.

Tulijaribu kwanza mle chumbani. Nilitoa kidogo tu, ya kuonja, Aristides akaruka akashika masikio, sindano ya mashine ikaenda kugonga mwisho ikakaa hukohuko. Akasema huyu mama akilia humu ndani hatutakuwa na mashine wala fundi. Wakanitoa ukumbini, kipaza sauti wakakitundika kwenye msumari wa kalenda nje ya mlango, waya ukapita chini. Kwa kuwa mlango ukifungwa mimi siwasikii vizuri, wakanifunga kamba ya katani mguuni, ncha nyingine anaishika Aristides ndani. Kamba ikivutwa, naanza. Mlango ukifunguliwa, tumemaliza. Katikati hapo, hata nyumba ikiungua, nisitamke.

"Neno moja tu, Mama Zahoro," Aristides akaniambia, "na wimbo umekwisha. Kanda iliyobaki ni dakika kumi na tano, na yote tunaijaza."

Akafunga mlango. Nikakaa kwenye mkeka na kamba yangu mguuni kama kuku wa kafara. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, kama kawaida ya nyumba zetu. Hakuna aliyefikiria habari ya mlango wa mbele, hata mimi.

Kamba ikavutwa.

Mwanzo sauti ilikuwa ya uongo, nakiri. Nikatoa ile ya kufungulia, ndefu, ya kushuka. Halafu nikaliona lori. Nikamwona Zahoro juu yake na gitaa lake limefungwa kwenye kanga yangu, na mimi barazani na samaki wangu, na jioni narudi kwenye nyumba ya vyumba sita. Hapo nikasahau kipaza sauti, nikasahau albamu. Nililia kilio ambacho sijapata kukilia tangu nimzike baba yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa Severa. Lazima niwaambie Severa ni nani. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na tulikuwa hatusemeshani miezi mitatu. Kwenye foleni ya sukari aliweka mawe sita kushikia nafasi, kila jiwe akadai ni mtu wa nyumbani kwake, nami nikamwambia mbele za watu kwamba mawe yake yana adabu kuliko yeye. Tokea siku hiyo tukipishana kila mtu anatazama mbingu. Basi Severa huyohuyo akaingia mbio, kichwa wazi, mikono ina unga, akapiga magoti mbele yangu.

"Dada Waridi. Ni nani?"

Nifanyeje? Nikisema neno, wimbo umekwisha. Nikanyoosha kidole kwenye mlango wa chumbani, maana yake, wanarekodi humo, toka. Akautazama ule mlango uliofungwa. Ndani kwa mbali linasikika besi la Ignasi, dum, dum. Na mama mwenye mtoto mmoja amekaa chini analia, anaonyesha chumba kilichofungwa. Severa akapasua ukelele ambao hata mimi niliuonea wivu, akajitupa mkekani, akanishika shingo, akaanza kumtaja Zahoro kwa jina.

Nikatikisa kichwa kumkanusha. Akadhani ninayakataa majaaliwa. Akanikumbatia zaidi.

Kariakoo kilio hakiulizi hodi. Ukisikia unakwenda, maelezo utayakuta hukohuko. Haikupita dakika tano ukumbi umejaa wanawake, wote wanalia, nami katikati yao nalia kwa sauti na moyoni namwomba Mungu anisamehe, na kila nikitaka kufungua mdomo niwaambie, naliona lori. Nje nasikia wanaume wanapanga mabenchi. Hamis muuza kahawa aliweka birika chini akaenda kuwaita wa msikitini. Mtu mmoja akauliza mle ndani kunapigwa nini, mwingine akamjibu kwa huzuni kwamba ni wenzake wanamuaga kwa ile kazi yake, waacheni.

Na mchele, jamani. Mwezi mzima nilikuwa sijaona punje. Majirani wote walikuwa wameniapia kwa Mungu kwamba hawana. Siku ile mchele uliofichwa mtaani kwetu ulitoka wenyewe, kilo mbili huku, kilo tano kule, ukafuatwa na sukari, ukafuatwa na mafuta ya kupikia kwenye madumu ambayo yalikuwa uvunguni. Nikawa nalia huku nahesabu waongo. Kipande kizima cha marekani nyeupe kikapita mbele ya macho yangu, cha sanda, na mimi toka Ramadhani naitafuta hata ya shuka.

Ndipo akaingia Mzee Melkiori. Watu wakampisha. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akasimama, na mahali penyewe pa kusimama hakupata ila pale mlangoni, pembeni ya kalenda, kile kipaza sauti kiko usawa wa kidevu chake. Alipotaka kusema wanawake wakashusha sauti. Mimi nikashusha pia, lakini sikuacha, maana mlango ulikuwa haujafunguliwa.

Nyie mnajua desturi. Aliyekufa hasemwi vibaya. Hata mwizi wa kuku, siku ya msiba utaambiwa alikuwa mpenda mifugo. Sasa balozi naye alitaka kutimiza wajibu wake.

"Mtaa umepoteza mfanyakazi," akasema. "Kijana huyu hakujua uvivu. Mchana alipiga, usiku alipiga. Mimi nakaa mkabala, ni shahidi. Sijalala vizuri miaka minne kwa bidii yake. Kama kila kijana angeifanya kazi yake kama Zahoro alivyolifanyia gitaa kazi, nchi hii ingekuwa mbali."

Wanawake wakaitikia kwa kilio. Mzee Melkiori akatoa orodha yake kwapani, akatoa kalamu, akatafuta jina, akalikata mstari pale pale huku anafuta machozi. Nililiona likikatwa. Nikasema moyoni, kumbe kifo nacho ni kitambulisho, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nikafikiri labda tuache hivihivi.

Lakini wanaume wa msikitini hawachelewi. Nikasikia vishindo vya miguu na "Innalillahi", nikaona ncha ya jeneza inaingia mlango wa mbele, na nyuma yake mwosha maiti na ndoo yake. Na papo hapo mlango wa chumbani ukafunguliwa.

Akatoka Aristides, mikono juu, uso umeng'aa, anasema safi, safi sana, hiyo ndiyo blusi. Nyuma yake Ignasi, anacheka kama kawaida yake. Kisha Vitalis. Na nyuma kabisa, kwenye singlendi, jasho linamtiririka, gitaa begani, akatoka marehemu.

Vilio vyote vikakatika. Jeneza likawekwa chini polepole. Zahoro akatazama watu, akatazama jeneza, akaamkia shikamoo. Ni mwosha maiti peke yake aliyemwitikia marahaba, kwa mazoea. Severa aliinuka mkekani, akamwendea taratibu, akamgusa shavu, alipoona ni la moto akamnasa kibao, halafu akamkumbatia akalia upya.

Nilieleza. Nilipata taabu kueleza kwa sababu kamba ilikuwa bado mguuni na sauti ilinikauka. Kuna waliocheka, na waliokasirika walikuwa wengi zaidi. Mmoja alitaka mchele wake. Ikabidi sheikh aingilie. Alinitazama kwanza kwa jicho lile la kunikanya mara ya tatu, kisha akawaambia watu kwamba mtu akizushiwa kifo Mungu humwongezea umri, na chakula kilichotolewa kwa ajili ya msiba hakirudi nyumbani. Kipikwe, isomwe dua ya shukrani, watu wale. Kusikia neno kula, hasira zikapungua. Mabenchi yalikuwa yameshapangwa hata hivyo.

Aliyebaki na hasira ni Mzee Melkiori. Alikaa barazani kwangu na orodha mapajani, akasema amefanywa mjinga mbele ya watu wa nyumba zake zote kumi. Zahoro akamletea kanda, akamwekea mkononi kwa adabu. Kitu cha kushika. Balozi akaigeuza, akasema atajuaje kama ndani kuna kitu. Basi Aristides, ambaye alikuwa na harusi ya kwenda kuipigia muziki Ilala na ameshachelewa, alikaa chini akairudisha ile kanda kwa kidole, pole pole, wimbo mmoja tu, watu wote wamemzunguka.

Nilikuwa sijawahi kukaa kitako nikasikiliza muziki wa mwanangu. Nausikia miaka yote kama mtu anavyosikia mashine ya kusaga ya jirani. Siku ile nilisikiliza. Kilio changu kinaanza, na gitaa linaingia chini yake. Nikipanda, linapanda. Pale nilipoishiwa pumzi, nakumbuka nilishika ukuta, gitaa likaichukua ile sauti likaishikilia mpaka nikarudi. Zahoro alikuwa ameomba vile vidude vya masikioni, akawa anakifuata kilio changu tu, vilio na maneno ya wengine akayaacha yapite kama vikombe vya Hamis. Dakika zote kumi na tano alikuwa ananipokea. Nilimpenda mtoto yule pale barazani mpaka nikaona haya mbele za watu, nikajifunika kanga usoni.

Halafu ikaja sauti ya balozi, wazi kabisa, "Mtaa umepoteza mfanyakazi," na mambo yote ya bidii, na nchi ingekuwa mbali. Watu wakamtazama. Mzee Melkiori akakohoa.

"Nilisema vile kwa sababu alikuwa amekufa," akasema.

Sikupandisha sauti. Nilikuwa sinayo. "Kwa hiyo mwanangu mpaka afe ndiyo awe mfanyakazi?"

Hakuna aliyecheka. Hata Ignasi, kwa mara ya kwanza nikamwona anavyofanana akiwa hacheki. Mzee Melkiori alitazama lile jina alilolikata. Mwisho akavaa miwani yake, akachukua karatasi nyingine, ile ya wenye kazi, akaipiga pasi kwa kiganja juu ya goti.

Akaandika jina. Akauliza kazi, akajijibu mwenyewe, mpiga gitaa, akaandika. Kisha kalamu ikasimama. Akasema karatasi inataka mwajiri, na mwajiri lazima awe na jina na mahali. Zahoro akamtazama Ignasi, Ignasi akamtazama Vitalis, Vitalis akatazama chini. Balozi akasema asiye na mwajiri karatasi hii haimpokei, na naamini alisema kwa masikitiko kweli, maana saa kumi ilikuwa inakaribia na kalamu alikuwa bado hajaifunga.

"Andika Waridi binti Uwesu, Mtaa wa Kipata," nikamwambia.

"Mama Zahoro, wewe ni mkaanga samaki. Unamwajiri mtu kupiga gitaa?"

"Nimempa chumba cha kazi. Nimempa godoro. Namlisha tangu amezaliwa, na leo nimemlilia akiwa mzima. Nitajie mwajiri mjini hapa aliyefanya hayo, umwandike huyo."

Severa akasema, "Andika, Balozi," na mtu mwingine nyuma akasema andika, na mwosha maiti naye akasema andika. Mzee Melkiori akaandika. Mwandiko wake ni mzuri, wa misheni, akamalizia na nukta kubwa.

Jumatatu alfajiri lori lilikuja. Nililisikia likizunguka kona, likasimama kwa balozi, likaunguruma pale muda mrefu, kisha likaondoka na watoto wa wengine. Nilikuwa uani nimeshawasha jiko. Nikaenda kumwamsha Zahoro kwa mguu, nikamwambia mfanyakazi wangu halali mpaka jua linatoka. Akatoka na gitaa, macho bado hayajafunguka vizuri, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akaanza kupiga. Samaki wawili waliungua nikiwa namtazama, na sikusema neno.